Nyumba ya chini au ghorofa moja? Kibali, nondo na mfuko wako

"Bosi, piga msingi wa ghorofa kabisa. Hela ikija unapandisha."

Maneno haya nimeyasikia viwanjani mara nyingi mno, siku hizi naweza kuyamalizia kabla fundi hajafika kwenye "hela". Husemwa asubuhi ya kwanza: kamba zimevutwa, mistari ya chokaa imechorwa ardhini, mwenye nyumba kasimama pembeni na chupa yake ya maji, na kila mtu ana furaha. Ni maneno matamu kwa sababu yanampa mtu ruhusa ya kutoamua. Matokeo yake yamejaa Goba, Kigamboni na Kimara, hapa Dar es Salaam: nyumba zilizofunikwa zege juu badala ya bati, nondo za nguzo zimechomoza zimekula kutu, na chini yake familia inakinga ndoo sebuleni mvua za masika zikianza.

Kwa hiyo ninalinganisha nyumba mbili ambazo Mtanzania wa kawaida wa mjini hujikuta akichagua kati yake: nyumba ya chini na nyumba ya ghorofa moja, yaani chini na juu. Hiyo ya tatu, ya "nitapandisha", tutaikuta mbele.

Zinapofanana

Tuanze na uongo mmoja ulioenea: kwamba nyumba ya chini haihitaji kibali, inatosha barua ya mtendaji wa mtaa. Si kweli. Ndani ya eneo la jiji, manispaa au mji, nyumba zote mbili zinataka kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji zilizofuata mwaka 2008. Mtendaji anaweza kukutambua kuwa wewe ni mkazi na kiwanja ni chako. Hawezi kukuruhusu kujenga.

Maombi siku hizi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, wa TAMISEMI, na nyaraka ni zile zile kwa nyumba zote mbili: uthibitisho wa umiliki (hati, au barua ya toleo), michoro, na risiti za kodi ya ardhi. Michoro iseme jengo ni la nini, lina mita za mraba ngapi, limekaa umbali gani kutoka kila mpaka wa kiwanja, magari yataegeshwa wapi na maji machafu yataelekea wapi. Kama kiwanja hakijapimwa, safari yako inakwama hapa, kabla hata ya kufikiria ghorofa. Malizana na upimaji kwanza.

Ndani ya halmashauri faili linapita kwa watu kadhaa. Afisa mipango miji anaangalia kama eneo ni la makazi kweli. Mhandisi anaangalia jengo lenyewe. Na afisa afya, ambaye wengi humdharau, anaangalia karo na shimo la maji taka. Mimi simdharau. Kwenye sehemu za Dar es Salaam ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo lililochimbwa bila akili hujaa kabla watoto hawajamaliza muhula, na gari la kunyonya maji taka linakuwa mgeni wa kila mwezi. Nyumba ikiwa ya chini au ya juu, choo ni choo.

Baada ya kibali kuna ukaguzi wa hatua kwa hatua. Msingi hukaguliwa kabla haujafukiwa, nondo kabla zege halijamwagwa. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu hakuna anayekuja kuwakumbusha, kisha siku ya kuuza nyumba au kuombea mkopo ndipo benki inauliza. Na masharti ya hati nyingi humpa mmiliki miezi 36 ya kumaliza ujenzi. Kumbuka namba hiyo, maana inaigusa ghorofa kuliko nyumba ya chini.

Zinapoachana

| | Nyumba ya chini | Ghorofa moja |
|---|---|---|
| Michoro ya usanifu | Ndiyo | Ndiyo, pamoja na ngazi na mkato wa sakafu ya juu |
| Michoro ya mhandisi (vitako vya nguzo ardhini, nguzo, mabimu, sakafu) | Kwa kawaida haidaiwi | Lazima, ikiwa na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa |
| Ada ya kibali | Kwa ukubwa wa jengo | Kwa ukubwa wa jengo, sakafu zote mbili zikihesabiwa |
| Mjenzi | Fundi mzuri mwenye msimamizi | Mkandarasi aliyesajiliwa |
| Kodi ya jengo kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla) | Sh 1,500 kwa mwezi | Kuanzia Sh 7,500 kwa mwezi |

Ukiiangalia vizuri jedwali hii, tofauti kubwa haiko kwenye idadi ya vyumba. Iko kwenye majina ya watu. Ghorofa inakulazimisha uwe na msanifu anayetambuliwa na AQRB (bodi ya wasanifu), mhandisi anayetambuliwa na ERB (bodi ya wahandisi), na mkandarasi anayetambuliwa na CRB (bodi ya wakandarasi), na majina yao yawekwe kwenye bango mbele ya kiwanja, kila mpita njia ayaone. Watu hulalamika kwamba huo ni mlolongo wa kukamua pesa. Mimi naona kinyume: ndicho kitu pekee kwenye orodha nzima ya gharama ambacho kinamfanya mtu mwingine, mbali na wewe, awajibike jengo likipata ufa.

Kuhusu LUKU nitasema kidogo tu. Viwango vya sasa vilianza mwaka wa fedha 2023/24: Sh 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa kuanzia Sh 90,000. Ni mara tano. Haimzuii mtu mwenye uwezo wa kujenga ghorofa, lakini kama unajenga ili upangishe, iingize kwenye hesabu ya kodi ya pango kabla mpangaji hajaanza kukuuliza kwa nini hela yake ya umeme inakatwa.

Tani 29 juu ya sebule

Sasa tuje penye uzito, na nasema uzito kweli kweli.

Nyumba ya chini ni kiumbe mpole. Ukuta wa tofali za inchi 6 unabeba linta (mkanda wa zege juu ya madirisha), linta inabeba kenchi (mbao za paa), kenchi zinabeba bati, na bati ni jepesi. Mzigo wote unashuka kwa ukuta hadi msingi, msingi unausambaza ardhini. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi anaweza kukujengea nyumba ya aina hiyo ikasimama miaka hamsini, na akikosea, kosa lake kwa kawaida ni ufa juu ya dirisha. Utaupaka rangi, utarudi, utaupaka tena.

Ghorofa ni jambo jingine. Chukua sakafu ya juu ya mita za mraba 80, unene wa milimita 150. Hiyo ni mita za ujazo 12 za zege. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa karibu tani 2.4. Kwa hiyo unaning'iniza kama tani 29 juu ya makochi yako, kabla ya mabimu, kabla ya ngazi, kabla ya kuta za juu. Na ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3 una uzito unaokaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Tembea hatua moja kando ya ukuta wa chumba cha juu: tani. Hatua nyingine: tani nyingine.

Mzigo huu haushuki kwa ukuta. Unakusanywa na mabimu, unapelekwa kwenye nguzo, nguzo zinausukuma kwenye vitako vya zege vilivyochimbiwa chini. Ndiyo maana mhandisi wa kweli atakuuliza habari za udongo kabla ya kukuuliza habari za rangi. Mchanga wa Kigamboni, udongo mwekundu wa kuelekea Pugu na mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi havibebi mzigo kwa namna moja, na kitako kinachotosha kwenye kimoja kinazama kwenye kingine. Kupima udongo kunagharimu, na mara nyingi mwenye nyumba hutaka kukwepa. Kwenye nyumba ya chini naweza kukuelewa. Kwenye ghorofa, hapana.

Sasa nikupeleke karibu zaidi. Siku moja nilikuwa kwenye ujenzi wa ghorofa ya ndugu yangu, nguzo zinafungwa. Mchoro unasema nondo za milimita 16. Fundi wa nondo akaja na uso wa huruma: "Kaka, dukani kumi na sita zimeisha. Tuweke kumi na mbili, si tofauti ya nne tu?" Ndugu yangu akanigeukia. Kwa macho ni kweli, 12 kwa 16 ni kama robo tatu. Lakini nondo haibebi kwa upana wake, inabeba kwa eneo la sura yake iliyokatwa. Nondo ya 16 ina milimita za mraba 201. Ya 12 ina 113. Ukibadilisha moja kwa moja, umeondoa karibu nusu ya chuma kwenye nguzo, na hakuna mtu atakayeona, kwa sababu kesho yake imezikwa ndani ya zege. Tulimpigia mhandisi. Akasema kazi isimame hadi 16 zipatikane. Siku mbili zilipotea, na fundi alinuna siku zote mbili.

Kwenye nyumba ya chini, mazungumzo kama hayo yangehusu linta, na dunia isingeisha.

Siku ya kumwaga sakafu nayo ni siku ya peke yake. Kwa zile mita 12 za ujazo utahitaji kama mifuko 84 ya saruji, na zote ziingie siku moja. Mashine inaanza alfajiri, vibarua wamepanga foleni na ndoo, na kufika saa saba mchana jua limewaka, mikono imechoka, zege linaonekana zito. Hapo ndipo mtu anaongeza maji. Ndoo moja, "lilainike kidogo". Zege linateleza vizuri, kila mtu anashukuru, na nguvu yake imeshuka pale pale. Kama huwezi kusimama hapo tangu alfajiri hadi jioni, lipa mtu asimame. Kisha mwagilia maji kila siku, wiki nzima kwa uchache. Mirunda iliyoshikilia katikati isiguswe mpaka mhandisi aseme. Wengi huiacha siku 21 hadi 28. Mwenye mirunda ya kukodisha atakupigia simu siku ya kumi kuuliza. Mwache apige.

Sitaki kukutisha kwa habari kubwa, lakini zinaeleza kwa nini halmashauri hubana zikisikia neno ghorofa. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la biashara Kariakoo watu wakiwa ndani wanauza na kununua. Waliokufa walizidi 20. Hayakuwa makazi ya familia ya chini na juu. Lakini kila baada ya tukio la namna hiyo, maafisa hushuka mitaani kutafuta majengo yasiyo na mhandisi, na X nyekundu ya kubomolewa haichagui mtaa.

Kiwanja kinasema nini

Hapa ghorofa inashinda, na inashinda kwa haki.

Una kiwanja cha mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Unataka nyumba ya mita za mraba 160: vyumba vinne, sebule, jiko, na stoo ya mama mwenye nyumba ambayo wachoraji wa kiume husahau kila mara. Ukiijenga chini, inakula 160, unabaki na 340. Toa nafasi ya kuacha mipakani ambayo halmashauri inadai, toa karo na shimo, toa sehemu ya gari, na ile "bustani" uliyokuwa ukiiota inakuwa njia ya kupita ukiwa umebana kiwiliwili. Ukijenga chini na juu, unakula kama 90, maana lazima uongeze kidogo kwa ajili ya ngazi, na unabaki na 410. Kwenye kiwanja cha mita za mraba 300, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kibali kinapita au kinarudishwa.

Paa nalo linapungua karibu nusu, kwa hiyo bati na kenchi zinapungua. Ila usidanganyike kwamba akiba hiyo inalipia zege. Hailipii.

Ngazi watu huzichora mwisho, na hilo ni kosa. Kutoka sakafu hadi sakafu mita 3, kwa hatua yenye kimo cha kama milimita 167, unapata hatua 18. Zipande mara sita kwa siku ukiwa na miaka 30, hakuna shida. Mama yako akija kutoka kijijini na magoti yake, au wewe mwenyewe baada ya miaka 25, hatua 18 ni mlima. Ukichagua ghorofa, weka chumba kimoja na bafu chini. Huu ni ushauri ambao sijawahi kuona mtu akijuta kuufuata. Nyumba ya chini haina kesi hiyo kabisa.

Pesa inavyoingia

Bei za vifaa sitazitaja, zinabadilika kabla hujamaliza kusoma. Nitaje mwendo.

Nyumba ya chini inavumilia mfuko wa mtu wa mshahara. Mwaka huu msingi na jamvi (sakafu ya chini), mwakani boma (kuta), linta, pumzika, halafu upaue. Boma likinyeshewa masika mawili halifi. Unaweza kuhamia vyumba viwili vikiwa na madirisha na vingine vimezibwa kwa mbao, na nusu ya majirani zako walianza hivyo hivyo.

Ghorofa haitaki mchezo huo. Nondo zikishafungwa, fomu za mbao za kumwagia zege zikishapigwa na mirunda ikishasimama, kila siku inayopita unalipia. Sakafu huwezi kumwaga nusu mwezi huu na nusu bonasi ikitoka, labda mhandisi mwenyewe akuonyeshe pa kukatia. Kwa hiyo unahitaji fungu kubwa kwa wakati mmoja, mara mbili angalau: wakati wa vitako na nguzo, na wakati wa sakafu. Na ile miezi 36 ya hati, ambayo kwa mwenye nyumba ya chini ni muda wa kutosha, kwa mwenye ghorofa anayejenga kwa mshahara huisha akiwa bado anatafuta pesa ya vigae vya juu.

Na ile ya "nitapandisha"?

Inawezekana. Ila si kwa namna fundi anavyoisema.

Mwenye nyumba ya aina hii huwa na kibali cha nyumba ya chini, au hana kabisa, na "msingi wa ghorofa" wake ni msingi wa kawaida uliochimbwa zaidi kidogo na kuwekewa nguzo nne kwenye kona. Nani kasema nguzo nne zinatosha? Fundi. Siku akitaka kupandisha, kibali cha nyumba ya chini hakimfai, lazima aombe upya, na mhandisi wa kuaminika hataweka muhuri juu ya msingi ambao hakuuona. Ataomba ufukuliwe. Mara nyingi jibu linakuwa nguzo mpya pembeni ya zile za zamani, na hapo mtu anagundua amelipia msingi mara mbili.

Kama kweli utapandisha, fanya hivi: chora ghorofa nzima leo, mlipe mhandisi leo, omba kibali cha ghorofa leo, na uwaeleze halmashauri kwamba utajenga kwa awamu ili ujue muda wa kibali na namna ya kukihuisha. Jenga hadi sakafu ya juu. Isakafu sakafu hiyo kwa mteremko ili maji yasituame, maana kwa miaka kadhaa ndiyo itakuwa paa lako. Na nondo za nguzo zinazobaki juu ziwe na urefu wa kuungia: mara 40 hadi 50 ya unene wake. Nondo ya 16 inataka kati ya milimita 640 na 800. Zile vipande vya futi moja unavyoviona vimechomoza kila mtaa ni urefu wa milimita 300, haviungi kitu, ni mapambo. Ukishaacha urefu sahihi, zipake uji wa saruji au uzifunike kwa zege dhaifu linaloweza kupasuliwa baadaye, kutu isizile.

Kwa ufupi wa mtu aliyechoka na mabishano ya vijiweni: kiwanja kikubwa na pesa inayokuja kwa matone, jenga chini. Kiwanja kidogo mahali pa gharama, na fungu liko tayari, jenga ghorofa na usimlalie mhandisi bei. Aliye katikati achore ghorofa, ajenge awamu.

Na asubuhi ile ya kwanza fundi akija na maneno yake, muulize: nguzo hii inaingia nondo ngapi, za milimita ngapi, na nani kasema? Akitoa karatasi yenye muhuri, endeleeni. Akisema ni uzoefu, mwambie apime msingi wa nyumba ya chini.